Mwaka mpya Nyangezi: maono ya biashara yako yaanzie kwenye daftari

Kila mwisho wa mwaka wafanyabiashara wadogo wa Nyangezi huulizana swali moja: mwaka ujao utakuwaje? Mama anayeuza unga wa mihogo, mwenye kibanda cha sabuni na chumvi, fundi cherehani, kijana wa pikipiki, wote wanatamani kukua. Lakini ukiwauliza watakua kwa kiasi gani na kwa njia gani, wengi hujibu: "Mungu akipenda." Jibu hilo si baya. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia hapo.

Safari hii sababu za kukata tamaa ni nyingi. Katikati ya Februari 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, kisha vita vikashuka kwa barabara hii ya Nyangezi kuelekea Kamanyola. Benki za Bukavu zilifunga milango, na waliokuwa wameweka akiba humo wakashindwa kuitoa wakati walipoihitaji zaidi. Tarehe 10 Desemba 2025, waasi waliingia Uvira, mji ambao kwetu ni mlango wa ndagala na bidhaa nyingine za Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana wengine wanasema: mipango ya nini, wakati barabara inaweza kufungwa kesho?

Mimi naona kinyume chake. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kukosea mara tatu na bado akasimama. Mwenye mtaji wa dola 150 akikosea mara moja, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji zaidi kujua anakoelekea.

Tuchukue mfano. Tuseme mama fulani ana mtaji wa dola 150 na kila wiki anapata faida ya dola 10. Nyumbani, kwa chakula, dawa na michango, anatoa kwenye biashara dola 12 kwa wiki. Pengo ni dola 2 tu, na hakuna anayeliona. Baada ya wiki 52, dola 104 zimetoka kwenye mtaji na zimebaki 46. Hakuna mwizi aliyeingia wala gari lililopinduka kwenye mteremko wa Ngomo. Biashara imeliwa mezani.

Sasa mama huyo huyo akijiwekea kikomo cha dola 8 kwa wiki, mwisho wa mwaka atakuwa na dola 254. Ni kibanda kile kile na wateja wale wale. Kilichobadilika ni dola 4 kwa wiki. Najua dola 4 si kitu kidogo katika nyumba yenye watoto sita, na kuna wiki ambapo homa ya mtoto haitasubiri. Lakini ni afadhali kujua kwamba wiki hii umechukua 12 na kwamba wiki zijazo unatakiwa kurudisha 4, kuliko kushangaa Desemba.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari moja la mwanafunzi. Kila jioni andika mambo manne: ulichouza, ulichonunua, ulichochukua kwa ajili ya nyumba na anayedaiwa. Kama hujui kuandika, mtoto wa darasa la nne anaweza kukusaidia. Baada ya mwezi mmoja utajua faida yako halisi. Kabla ya hapo, lengo lolote unalotaja ni la kubahatisha.

Ukishaijua faida, weka lengo, na ulihesabu kwa bidhaa, si kwa noti peke yake. Mwaka wa 2025 ulitufundisha. Kwa kiwango cha Benki Kuu, dola iliyokuwa karibu franka 2,800 ilishuka chini ya 2,500 katika muda mfupi, kufikia Oktoba. Aliyekuwa ameficha dola akiamini haziwezi kushuka alipata hasara kwenye kubadilisha, kwa sababu bei sokoni hazikushuka kwa kasi ile ile. Kwa hiyo usiandike tu "nataka dola 250". Andika: "Leo mtaji wangu unanunua magunia matatu ya mihogo. Desemba ijayo unatakiwa kununua matano."

Kisha jibu swali la barabara kabla halijakujia. Njia ya Uvira ikifungwa na ndagala zikakosekana, utauza nini? Labda maharagwe, lengalenga au ndizi za wakulima wa hapa Nyangezi, ambazo hazihitaji kupanda Ngomo. Bukavu ikikosa kufikika kwa wiki mbili, una bidhaa za siku ngapi? Anayejibu maswali haya Januari, akiwa ametulia, ataamua vizuri kuliko anayejibu huku risasi zinasikika.

Jambo la mwisho ni akiba ya dharura. Katika jimbo letu la Kivu Kusini wengi wanazifahamu MUSO, vyama vya kusaidiana vyenye makasha matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa msiba na ugonjwa, na la bluu kwa pesa zinazotoka nje ya chama. Pesa ya msiba haichanganywi na pesa ya mkopo. Akina mama wengi wanaoheshimu utaratibu huo kwenye kikundi wakifika nyumbani huweka kila kitu katika mfuko mmoja wa kitenge. Mwaka ujao, biashara yako nayo iwe na kasha lake jekundu, hata kama ni franka 500 kwa siku. Na kama uko kwenye MUSO au likelemba, zamu yako ikifika, amua mapema pesa hiyo itanunua nini. Isipopangiwa kazi, itapangiwa na ndugu na majirani.

Sidai kwamba daftari linaondoa vita. Amani, barabara na benki zinazofanya kazi ni wajibu wa wenye madaraka, na hatutakiwi kuacha kuwadai. Vilevile mfanyabiashara mdogo anayetozwa ushuru mara tatu njiani hawezi kulaumiwa kwamba hana maono. Lakini mwaka mpya utaanza hata kama mazungumzo ya wakubwa hayajaisha, na kibanda kitafunguliwa asubuhi.

Kabla ya tarehe 1 Januari, keti na mumeo, mkeo au watoto wakubwa. Hesabuni bidhaa zilizopo, madeni mnayodai na mnayodaiwa. Andikeni ukurasa mmoja: tuko wapi leo, tunataka kufika wapi Desemba, nyumba itachukua kiasi gani kwa wiki. Mwisho wa Machi rudini kwenye ukurasa huo na mwone kama mmelishika neno lenu. Nyumba nzima ikijua kikomo, mama hatabaki peke yake kukataa kila anapoombwa pesa ya mtaji.