Pedi Zilipita, Vidonge Vikabaki Langoni

Siku ya kufungua shule muhula huu nilimsindikiza mtoto wa dada yangu hadi langoni mwa shule yake ya bweni, mwendo wa tuktuk na matatu kutoka Malindi. Sanduku likafunguliwa, vitu vikakaguliwa kimoja kimoja. Pakiti nne za pedi: sawa, pita. Pakiti ndogo ya vidonge 10 vya ibuprofeni: simama hapo.

"Dada, dawa haziingii," mwalimu wa zamu akaniambia.

"Naelewa, mwalimu, asikae nazo bwenini. Basi ziwekwe kwa matroni, ampe siku zake zikifika. Huyu chango likimshika humlaza siku mbili."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Huyo ni msichana, dada. Atazoea. Na akizaa itaacha."

Mtoto ana miaka 15.

Nilirudi Malindi na vile vidonge mkobani, na njia nzima nikawa najiuliza: kwa nini pedi zilipita?

Zilipita kwa sababu zilipiganiwa. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2004. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa, serikali ikajifunga kuwapa wasichana wa shule za umma pedi za bure, za kutosha na zenye ubora. Zinafika au hazifiki, hiyo ni kesi nyingine, lakini angalau sheria ipo. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni suruali yake nyeupe ikiwa na doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe. Nchi nzima ilizungumzia doa lile.

Doa! Hebu tuwe wakweli kidogo. Vita vyetu vyote vya hedhi vimekuwa vita vya doa. Pedi humsitiri msichana, alhamdulillahi, lakini pia hutusitiri sisi wengine tusione. Darasa linabaki safi, sare inabaki safi, mwalimu haoni haya, mfadhili anapiga picha. Kidonge hakifichi kitu. Kinamfaa yeye peke yake, ndani ya mwili wake, mahali ambapo hakuna kamera. Ndiyo maana hakina mtetezi. Tumempa msichana ruhusa ya kuumia bila kuchafua kiti.

Na chango si deko. Siku za hedhi zikikaribia, utando wa ndani wa tumbo la uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo huliamuru tumbo lijikaze na kujiminya ili damu itoke. Zikiwa nyingi, tumbo hujibana hadi mishipa yake inakosa damu ya kutosha kwa muda, na hapo ndipo maumivu huja, pamoja na kichefuchefu, kuhara na kizunguzungu. Ibuprofeni na dawa za jamii yake huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zinaziba mfereji kwenye chanzo.

Sasa ona tunavyofanya. Tunamwambia msichana ajikaze kwanza, anywe dawa "ikizidi". Yaani angoje tumbo lijae zile kemikali, agaegae, atapike, ndipo apewe Panadol moja ambayo mara nyingi huwa dhaifu kwa kazi hiyo. Kisha tunasema, si unaona, dawa hazisaidii? Dawa hii inataka kuwahiwa: damu ikianza tu au maumivu yakianza kunusa. Kwa kawaida ni miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari, kwa zile siku mbili tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito aulize kwanza. Haya ndiyo maonyo ya kweli.

Yale mengine tunayotishiana nayo, kwamba itaharibu kizazi, kwamba mwili utazoea na utakuwa mteja, hayana msingi. Ibuprofeni haina ulevi, na kuinywa siku mbili tatu kwa mwezi kwa kipimo hakuharibu kizazi. Ajabu ni kwamba wanaotisha hivyo wakipigwa na jino usiku hawangoji asubuhi.

Msije mkasema nadharau za kale. Nilipovunja ungo, bibi yangu pale Shela alikuwa akipasha kanga iliyokunjwa juu ya kikaango kikavu, ananiwekea chini ya kitovu, ikipoa anapasha nyingine. Chai ya tangawizi pembeni. Leo madaktari nao wanakubali kwamba joto hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Bibi hakuwahi kusoma prostaglandini, lakini hakuniambia nizoee. Aliona mtoto anaumia, akawasha jiko. Kilichoharibika baadaye ni nini? Bweni halina jiko, halina kanga ya moto, na sasa halina kidonge. Limebaki na neno moja tu: vumilia.

Turudi kwenye "akizaa itaacha". Wapo ambao hupungukiwa na chango baada ya kuzaa, na wapo ambao halipungui hata chembe. Lakini hebu lisikilize neno lenyewe, tena ulisikilizie hapa Kilifi. Hii ni kaunti ambayo kila mwaka jina lake huvutwa magazetini kwa mimba za wanafunzi. Tunafanya semina, tunabandika mabango, tunawahutubia wasichana wajitunze. Halafu msichana huyo huyo akija anashika tumbo, dawa tunayomtajia ni kuzaa. Kidonge cha shilingi chache tunakizuia langoni, mimba tunaitaja kama tiba. Wallahi, tukisema ni mzaha, ni mzaha wa kuchosha.

"Ni maumbile," nitaambiwa. Na njaa je? Nayo si maumbile? Mbona hatumwambii mtoto aizoee? Kwetu Waislamu, mwanamke aliye hedhini hasali na wala hailipi ile sala. Saumu huifungua akailipa baadaye. Najua hukumu hiyo ni ya tohara, haikuja kwa ajili ya maumivu. Lakini ikiwa nguzo za dini zina nafasi kwa siku hizo, inakuwaje foleni ya asubuhi uwanjani isiwe nayo?

Na kuna hatari kubwa kuliko siku mbili za kulala. Tukimzoesha msichana kunyamaza, atanyamaza hata pale anapopaswa kupiga kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa tumbo la uzazi huota nje yake. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alisimulia hadharani jinsi ulivyomfika hadi kwenye mapafu, ikabidi afanyiwe upasuaji Marekani. Maumivu yasiyosikia dawa, yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, yanayokuja hata nje ya siku zako au ukienda haja, hayo yanataka daktari. Lakini utajuaje kwamba hayasikii dawa, ikiwa dawa hujapewa?

Ninachodai ni kidogo. Palipo na kabati la pedi, pawe na dawa ya chango, kwa matroni, kwa idhini ya mzazi, kwenye daftari. Anayefundisha kuvaa pedi afundishe pia saa ya kumeza kidonge. Na msichana anayelala kila mwezi apelekwe hospitali badala ya kuitwa mvivu.

Siku ya kutembelewa nitarudi pale langoni na vidonge vile vile, safari hii na barua ya daktari. Nitapanga foleni nusu siku niipate, na nitailipia. Barua, kwa ajili ya kidonge ambacho mwalimu mwenyewe kichwa kikimgonga hukinunua dukani, akakimeza na soda, akaendelea na kipindi.