Usiuze Maziwa Yote: Acha Kikombe cha Mgonjwa



Mkulima wa Kitale au wa Bungoma hahitaji kufundishwa kuwa mbegu peke yake haitoshi. Mbegu bora ya mahindi ikipandwa kwa kuchelewa, tena bila mbolea, mavuno huwa haba, na mwenye shamba huilaumu mbegu. Naona ya kuwa ndivyo tunavyoifanyia dawa ya malaria. Twaimeza tumbo tupu kwa chai ya rangi, na homa ikirudi twasema, "Vidonge vya siku hizi havina nguvu." Pengine kosa ni letu.

Hebu tutazame asili ya dawa hii. Hutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu zamani sana. Mwaka 1972 wataalamu wa Uchina, pamoja na Bibi Tu Youyou, walifaulu kutoa dawa yenyewe iliyomo katika majani yake, iitwayo artemisinini. Kwa kazi hiyo Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa Afrika Mashariki pia wako wakulima waliopata kuulima mmea huo na kuuza majani yake kiwandani.

Lakini artemisinini ina tabia ngumu: haiyeyuki vizuri majini, wala katika mafuta. Na dawa isiyoyeyuka haiingii vema katika damu. Hupita tumboni na kutoka. Basi wataalamu waliigeuza. Waliitengeneza artesuneti, ambayo hudungwa sindano kwa mgonjwa mahututi, na artemetheri, ambayo hupatana na mafuta. Vidonge tupewavyo katika zahanati, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida, vina artemetheri pamoja na dawa nyingine iitwayo lumefantrini. Hiyo nayo hupenda mafuta.

Tazama sufuria iliyopikiwa nyama. Maji matupu hayaondoi mafuta yake, lakini sabuni huyavunja yakaenda na maji. Tumboni sabuni hiyo ni nyongo. Ukila chakula chenye mafuta, nyongo humwagika, huyavunja mafuta yawe matone madogo sana, na dawa huingia mwilini pamoja nayo. Watu wenye afya walipopimwa, chakula chenye mafuta mengi kiliongeza artemetheri iingiayo mwilini mara 2 hadi 3, na lumefantrini mara 16, kuliko kumeza tumbo tupu.

Wala si lazima kuchinja ng'ombe. Mafuta kidogo, hata chini ya gramu 2, yaweza kutosha, na kikombe cha maziwa kina zaidi ya hayo. Uji wenye njugu karanga zilizosagwa wafaa, na yai na parachichi vile vile.

Hapa ndipo nina neno na wenye ng'ombe. Alfajiri maziwa yote huenda kwa mnunuzi, na mtoto mwenye homa huachiwa chai ya rangi. Twauza kinachoisaidia dawa, kisha kwa fedha zile zile twarudi kununua dawa mara ya pili. Najua karo ya shule haingoji. Lakini kikombe kimoja hakimfilisi mtu. Na asiye na ng'ombe asipeleke njugu zote sokoni. Abakize gorogoro moja nyumbani. Watumishi wa afya nao, kabla ya kutoa vidonge, yafaa waulize, "Mgonjwa atakula nini?"

Wengine huchemsha majani ya pakanga na kunywa. Siungi mkono jambo hilo, wala Shirika la Afya Duniani haliungi. Maji hutoa dawa kidogo tu, na kiasi chake hutofautiana jani kwa jani. Vijidudu visivyokufa hujifunza kuishinda dawa.

Yakumbukeni haya. Vidonge hivi humezwa mara 6 kwa siku 3: mara ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Malizeni vyote hata homa ikipoa. Mgonjwa asiyeweza kula asinyimwe dawa. Ampatie mlezi wake maziwa kidogo kidogo, na ale mara awezapo. Akitapika mara baada ya kumeza, rudini zahanati. Akiwa hawezi kunywa, au akishikwa na degedege, msingoje: mpelekeni hospitali. Wala msidhani kila dawa hutaka mafuta, ulizeni kwanza.

Kesho asubuhi, kabla ya kufunika mkebe wa maziwa, tazama kama nyumbani yuko mgonjwa. Kikombe cha kwanza ni chake.