LUGHA YETU: Kuchokoza na Kuchochea

Juma hili tunajibu barua ya katibu wa chama kimoja cha wakulima wa mpunga katika uwanda wa Kano. Bwana huyu aliandika katika kumbukumbu za mkutano ya kuwa mgeni wao, mtaalamu wa kilimo, "alitoa hotuba ya uchochezi mwingi." Nia yake ilikuwa kumsifu, maana kesho yake wanachama walirauka wote wakazibua mifereji. Lakini mgeni alipozisoma kumbukumbu alikasirika, akataka maneno hayo yafutwe. Katibu auliza: "Nimekosa nini, hali kila siku tunasikia habari za kuchochea maendeleo?"

Swali hili ni zuri, tena si la mkutano wa mpunga peke yake. Na tuanze jikoni. Mama akaangaye samaki pale Dunga huzisukuma kuni ndani ya mafiga ili moto uwake vizuri. Huko ndiko kuchochea. Kitendo chenyewe hakina ubaya wowote. Ubaya au wema hutegemea kinachowashwa. Ndiyo sababu twaweza kusema "mvua zimechochea ukuaji wa mazao," wala hakuna atakayeudhika. Lakini jina *uchochezi* limekwisha haribika. Kwa muda mrefu limetumika mahakamani na katika matangazo ya serikali kwa maana ya kuwasha fitina, hata leo halina maana nyingine masikioni mwa watu. Kitendo kimebaki safi, jina limechafuka. Ukitaka jina lililo safi, andika *kichocheo*: "Bei nzuri ni kichocheo cha kilimo."

Sasa tutazame ndugu yake, *kuchokoza*. Neno hili lina ujamaa na *kuchokoa*, kama mtu achokoavyo meno kwa kijiti. Basi wote wawili, mchokozi na mchochezi, wameshika kijiti. Tofauti ni mahali wanapokielekeza. Mchokozi hukuchoma wewe ubavuni mpaka ukasirike. Mchochezi hakugusi, huuchoma moto ulio ndani ya watu wengine, nao ndio wakujiao. Uchokozi hutosha kwa watu wawili. Uchochezi hutaka watatu: asemaye, wasikiao, na yule atakayeumizwa.

Msidhani ya kuwa huku ni kupasua unywele. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 207 na 208, mtu aliyeua katika hasira ya ghafula baada ya kuchokozwa vikali aweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, badala ya kuhukumiwa kwa kosa kubwa la kuua kwa kukusudia. Lakini aliyechochewa na mwenziwe akaenda kuua hapati nafuu hiyo kwa sababu ya kuchochewa tu. Naye mchochezi wa ghasia ana kosa lake mwenyewe. Basi mkalimani akiandika "alichochewa" mahali pa "alichokozwa," amemnyang'anya mshtakiwa utetezi wake kwa silabi mbili.

Jambo jingine la kuangalia ni hili: maneno haya hubeba hukumu ndani yake. Tarehe 25 Oktoba 1969, katika ufunguzi wa hospitali kuu mpya hapa Kisumu, Rais Jomo Kenyatta na Bwana Oginga Odinga walirushiana maneno mbele ya umati. Siku ile ile risasi zikapigwa, na watu wakapoteza maisha. Asimuliaye habari hiyo akisema "maneno ya uchokozi" au "maneno ya uchochezi," amekwisha kata kesi kabla msikilizaji hajasikia ushahidi. Akisema "maneno makali," ameeleza ladha yake tu. Mwandishi mwangalifu huanza kwa kuandika yaliyosemwa, akamwachia msomaji kupima.

Kwa manufaa ya makarani na makatibu, haya hapa maneno mengine ya jamaa hii. Hadithi iletayo msisimko mwilini ni *ya kusisimua*. Hotuba itiayo watu moyo wa kazi ni *ya kutia ari*, au *ya kuhamasisha*. Swali limfanyalo mtu akeshe akiwaza ni *la kufikirisha*. Jibu lisilo na adabu ni *la kuudhi*. Likizidi, *la kughadhabisha*. Na yule apelekaye maneno huku na huku ili marafiki wagombane, huyo ni *mchonganishi*. Kwa habari ya upatanisho wa sarufi, husemwa "mtu mchokozi, watu wachokozi", bali kwa vitu ni salama kuandika "maneno ya uchokozi," "barua ya uchochezi."

Kwa hiyo, Bwana Katibu, andika ya kuwa mgeni wenu "alitoa hotuba ya kutia ari," kisha umpelekee nakala mpya pamoja na neno la radhi. Ulimsifu kwa moyo mweupe, lakini yeye aliyasoma yaliyo katika karatasi, hakuusoma moyo wako. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi makarani tuongeze: wala kalamu, maana iliyoandikwa huwekwa katika jalada.