Mama Huyu Hakuhitaji Vidonge

Mama mmoja wa upande wa Kabambare alitujia hapa Kasongo na karatasi ya damu. Alipimwa Bukavu, alipokwenda kumwona mtoto wake. Homoni zake zilikuwa sawa, lakini antibodi za tezi ya shingo zilikuwa zimepita kiasi. Mtu wa sokoni akamwambia kwamba tezi yake inakufa, akamwuzia vidonge vya levotiroksini. Mama aliuza mbuzi ili avinunue. Jambo hili lilinichoma sana.

Tezi hii hukaa mbele ya koo, nayo hutengeneza homoni zinazoutia mwili joto na nguvu. Antibodi ni kama askari ambao mwili huwatuma kupigana na vijidudu. Mara nyingine askari hao hukosea, wakaidhani tezi kuwa adui. Munganga Hashimoto wa Japani alieleza ugonjwa wa tezi wa namna hii mwaka 1912, wala hakujua asili yake. Mwaka 1956 waganga wa London, Deborah Doniach na wenzake, walizikuta antibodi katika damu ya wagonjwa hao.

Lakini askari kufika mlangoni si kusema kwamba nyumba imekwisha kuchomwa. Ili kujua kama tezi imechoka, twapima homoni nyingine iitwayo TSH, ambayo huihimiza tezi kufanya kazi. Tezi ikichoka, TSH hupanda. Huko Whickham, Uingereza, walianza kuwapima watu mwaka 1972, wakawafuata miaka 20. Katika wanawake 100 wenye antibodi na TSH iliyo sawa, kila mwaka tezi za 2 hivi tu ndizo zilizodhoofika. Ikiwa TSH nayo ilikwisha kupanda, walikuwa 4 hivi.

Kwa hiyo nasema wazi: karatasi ya namna ile ni onyo, si amri ya kumeza dawa. Vidonge vikizidi, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, na mifupa ya mama wazee huharibika. Wengine husema, “Walakini apewe, asije akaharibu mimba.” Mimi pia niliwaza hivyo zamani. Lakini Waingereza walijaribu kwa wanawake 952 wenye antibodi, waliowahi kuharibu mimba au kukosa kuzaa, na habari ikatoka mwaka 2019. Waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu walizaa watoto hai karibu sawasawa, 37 au 38 katika kila 100.

Rovu la kukosa iyodi, lile ambalo waganga wa Ubelgiji walilichunguza kisiwani Idjwi miaka ya 1960, ni jambo lingine. Chumvi yenye iyodi yatosha. Mwenye antibodi asijitafutie iyodi ya kuzidi.

Mwenye antibodi apimwe TSH mara moja kwa mwaka, na upesi akishika mimba. Asingoje mwaka akiona baridi isiyo na sababu, uchovu mwingi, choo kigumu, au sauti kukwaruza. Na aliyepewa vidonge na munganga kwa kuwa TSH yake ilipanda, asiviache kwa kusoma maneno yangu.

Yule mama aliviacha kwa neno la munganga. Baada ya mavuno ya mpunga damu yake ilipelekwa tena Bukavu: TSH ni sawa. Mbuzi hakurudi.