Kongamano si Matembezi

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba daktari anayesomea ubingwa hana haki ya kuiacha wodi ili ahudhurie makongamano amesema kweli kwamba maradhi hayangoji, lakini amekosea alipodhani kuwa ilimu ya tiba hukamilika ndani ya kuta za hospitali moja. Mwanafunzi wa upasuaji aliye chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao yake Arusha kilichoasisiwa mwaka 1999, hufunzwa kazini, aghalabu mahali penye mabingwa haba, ambao, hata wakiwa hodari namna gani, mazoea yao hugeuka kuwa sheria kwake. Basi ni wapi atakapoulizwa hadharani, na mtu asiye chini ya mkuu wake, kwa nini ameunga utumbo kwa namna ile, na ni wagonjwa wangapi waliotunga usaha baadaye, isipokuwa katika kongamano kama lile la COSECSA la kila mwaka? Dhuluma iliyopo, ambayo mwandishi ameipita kimya, ni kwamba mara nyingi nauli humtoka kijana mwenyewe, na zamu yake akatwikwa mwenziwe. Hilo ndilo la kukemewa. Hospitali na ipange zamu mapema, imlipie nauli mwenye utafiti wa kuwasilisha, na arudipo imdai darasa mbele ya madaktari na wauguzi.