Hesabu ya Mkeka

Msimu wa ufuta uliopita nilikuwa Kilwa Kivinje. Jioni moja mpwa wangu alinikuta barazani, akanionyesha simu yake. "Shikamoo mjomba. Hebu utazame mkeka huu: timu nane, natia elfu moja, nikipatia nalipwa laki tatu na elfu sabini na nane."

Nilimwuliza kama amewahi kukokotoa kinachobaki katika elfu yake kabla mpira haujapigwa. Hakuwahi. Tukachukua mchezo mmoja katika hiyo minane. Mwenyeji kushinda odi ni 2.10, sare 3.20, mgeni 3.30. Anayetaka kupokea shilingi 1,000 matokeo yawayo yote hana budi kuweka 476 kwa mwenyeji, 313 kwa sare na 303 kwa mgeni. Jumla ni 1,092. Hizo 92 ndizo ujira wa mwenye duka. Kwa lugha ya hesabu, thamani tarajiwa ya kila elfu moja ni shilingi 916 hivi.

Wengi wakifika hapo husema makato hayo ni madogo, nami ningekubali iwapo vijana wangebeti mchezo mmoja. Lakini mkeka huzidisha odi, na pamoja na odi huzidisha makato. Kwa michezo miwili elfu imekuwa 839. Kwa minne, 704. Kwa minane ya aina ile ile, pungufu kidogo ya 500. Nusu ya fedha imekwenda, wala hakuna aliyekosea kutabiri. Nafasi ya mkeka ule kupatia ilikuwa moja katika 760 hivi. Mwenye kuweka mikeka 760 atatumia 760,000 ili, kwa wastani, alipwe 378,000 mara moja, kabla ya kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Linganisheni na dau la pembeni ndani ya kibanda umiza: wavuvi wawili, mmoja Simba na mwingine Yanga, kila mtu buku lake, wa tatu ameshika fedha. Siwahalalishii, dini zetu zimekwisha kunena juu ya kamari. Nasema tu kwamba pale, ikiwa timu zinalingana nguvu na sare hurudisha fedha, thamani tarajiwa ya kila mmoja ni sifuri. Anachopoteza huyu kinabaki Kivinje, kwa jirani yake.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa hawa ni wakali mno kwa makato. Katika mnada wa stakabadhi ghalani, mkulima wa Lindi hudai kuelezwa kila shilingi inayotolewa katika kilo yake ya ufuta: ya ushuru, ya ghala, ya usafirishaji, ya chama cha msingi. Mikutano huvunjika kwa ajili ya shilingi chache. Serikali nayo imepambana na kangomba, ile biashara ya kumnunulia mkulima mwenye shida korosho zake kwa bei ya kutupa na nje ya mizani rasmi. Mkeka hauna mizani hata hiyo isiyo rasmi. Unaandika laki tatu na ushee kwa tarakimu nene, na hausemi lolote juu ya nusu iliyotoweka.

Sidai marufuku. Uganda ilijaribu Januari 2019 kuzuia leseni mpya, na aliyetangaza alikuwa waziri wa nchi aitwaye, kwa kejeli ya majina, David Bahati. Maduka ya kubeti yangaliko. Ninalodai ni dogo zaidi. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayo mamlaka juu ya wenye leseni. Iwaagize waandike kwenye kila mkeka, kando ya kitita kinachoahidiwa, thamani tarajiwa ya dau: "Kati ya 1,000 yako, wastani wa kurudi ni 496." Mashine zao zinaijua namba hiyo, bila kuijua zisingepanga odi.

Nanyi walimu wa sekondari, somo la uwezekano la kidato cha nne tumelifanya la sarafu na dadu. Mwanafunzi wa Masoko hajapata kuziona dadu zaidi ya zile za ludo, ila mikeka anaijua kuliko sisi. Mleteeni mmoja darasani, aukokotoe.

Mpwa wangu aliitazama ile 496 kwa muda, kisha akapunguza timu zikawa tatu.