Uzinduzi Huu Unamzindua Nani?

Jamani, naomba niseme. Nimenyamaza misimu mitatu na sasa koo limejaa.

Kila mara mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam anapokaribia kutoa vitabu vipya, tangazo lake hutufikia hata sisi huku Nassa. Rafiki yangu aliyeko chuoni hunitumia kwenye simu. Tangazo lenyewe zuri, lina rangi. Juu kuna majalada ya vitabu vitano au sita “vinavyokuja msimu huu”. Chini kuna ratiba: Jumamosi uzinduzi hotelini, Jumatano mwandishi atazungumza na wasomaji, Ijumaa usiku wa mashairi. Mgeni rasmi ni mheshimiwa fulani. Vitafunio vitakuwepo. Wote mnakaribishwa.

Wote! Mimi nipo Nassa, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kutoka hapa hadi kwenye ukumbi huo ni zaidi ya kilometa 1,000. Nikiuza mbuzi nitafika, nitakula hizo sambusa, na nitarudi. Kitabu nitanunua kwa hela ya mbuzi yupi?

Ndugu msomaji, kumzindua mtu ni kumwamsha aliyelala au aliyezimia. Haya, niambie, uzinduzi huu unamzindua nani? Waliomo ukumbini wameshaamka siku nyingi. Ni waandishi wenzao, wahadhiri, watu wa magazeti, watu wa balozi na jamaa za mwandishi. Wanapigiana makofi, wanapiga picha, wananunua nakala mbili tatu zenye sahihi, kisha kila mtu anakwenda zake. Baada ya mwezi kitabu kimelala kwenye rafu ya duka moja katikati ya mji, na ndugu zake wamelala kwenye maboksi ghalani. Halafu tangazo la msimu mwingine linatoka.

Ukiwauliza watakujibu haraka: watu wa vijijini hawasomi. Jibu hili nimelisikia mpaka nimelichoka, na leo nalikataa mbele yenu.

Naanza na babu yangu. Kati ya 1968 na 1972 Kanda ya Ziwa ilikuwa shamba la majaribio la elimu ya watu wazima, mradi wa serikali na UNESCO, makao yake Mwanza. Vitabu vya kujifunzia kusoma havikuwa na hadithi za sungura. Vilizungumza kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji, mambo ambayo mtu aliyafanya asubuhi na kuyasoma jioni. Babu alijifunza kusoma miaka hiyo, akiwa tayari ana mji wake na ng'ombe wake. Baadaye, kuanzia 1974, likaja gazeti la vijijini lililotengenezwa Mwanza, Elimu Haina Mwisho. Kufikia 1986 hesabu za serikali zilisema wasiojua kusoma nchini hawafiki 10 kwa 100. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, haina simu za mkononi, barabara mashimo matupu, lakini kitabu kilifika mlangoni kwa mkulima wa pamba.

Babu bado anacho kile kitabu cha pamba, kwenye sanduku lake la bati pamoja na kadi ya chama. Nimekishika mwenyewe. Kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Mzee huyu hakuacha kusoma kwa sababu ya uvivu. Waliomfundisha kusoma waliacha kumletea cha kusoma, basi.

Pili, nendeni kanisani. Wamisionari wa Kanglikana walifika Nassa 1888, na 1909 kituo wakaachiwa watu wa African Inland Mission, ndio mwanzo wa kanisa la AIC nchini. Leo Jumapili hesabu mikononi mwa kina mama: Biblia, Tenzi za Rohoni, Biblia, Tenzi za Rohoni. Kitabu cha nyimbo kinanunuliwa, kinafunikwa plastiki, kinarithiwa. Mtu asiyesoma atanunua kitabu akifanyie nini? Kanisa liliijua njia ya kufika Nassa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mchapishaji wa riwaya ana lami mpaka hapa na anatuambia njia haionekani!

Tatu, Musiba. Kaka yangu alikuwa na nakala ya Kufa na Kupona, ile riwaya ya Elvis Musiba ya 1974. Haikuwa na jalada na kurasa za mwisho zilishachanika. Ilipita nyumba kwa nyumba mpaka ikawa kama chapati. Mimi nimeisoma bila mwisho, na kwa kuwa nilishindwa kulala, mwisho wa Willy Gamba nikautunga mwenyewe kwenye daftari la hesabu. Hiyo ndiyo riwaya yangu ya kwanza. Baada ya Musiba akaja Ben Mtobwa na Heko yake. Kisha Eric Shigongo, mtu wa huku huku kwetu ziwani, ambaye hadithi zake zilikuja na magazeti kwa mfululizo. Gazeti moja lilisomwa na watu ishirini, wengine wakisomewa. Najua wapo wasomi wanaokunja pua wakisikia majina haya. Wakunje tu. Wenzao walijua kitu ambacho wao hawajakijua: hadithi inapanda basi.

Sasa niseme la kwangu, nisije nikaambiwa naongea kwa hewa.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuniruhusu kwenda mbele. Nikaandika. Kaunta buku nne zilijaa, hadithi ya binti anayetoroka mji wa baba yake usiku wa kuamkia mahari yake kuhesabiwa. Mama alitoa hela ya pamba, ile ambayo ilikuwa ya bati, tukalipia kuchapiwa steshenari. Nikatuma mswada kwa mchapishaji mmoja, jina nalihifadhi. Miezi minane kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa na mambo mawili. Kwanza, eti lugha yangu ina Usukuma mwingi. Pili, nikiwa tayari kuchangia gharama, shilingi milioni tatu, kitabu kinaweza “kuingizwa kwenye msimu ujao”.

Milioni tatu! Mimi nilidhani mchapishaji ndiye mwenye mtaji na mwandishi ndiye mwenye hadithi. Kumbe mambo yamegeuka, mwandishi anatakiwa awe na vyote viwili. Kama ni hivyo, tusidanganyane: kinachochaguliwa kila msimu ni mfuko. Wiki chache baadaye simu ikaita, nikafungua, ni tangazo lao. Vitabu sita. Vitafunio vitakuwepo. Mama akauliza, “Na cha kwako kimo?” Nikamwambia bado. Sikuwa na la kuongeza.

Hilo la Usukuma halinisumbui sana. Nikisimama ufukweni hapa Nassa, Ghuba ya Speke iko mbele yangu na ng'ambo ya maji ni Ukerewe. Kutoka kisiwa kile kimoja wametoka Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Hawakungoja kuwa watu wa Dar ndipo waandike. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, na leo tafsiri yake ya Kiingereza imechapishwa Marekani, mwaka 2025. Watu wa kule wanamsoma Rosa, wakati huku mwambao wa ziwa ambako ndiko kwao, nakala nitaitafuta kwa tochi.

Lakini Kitereza ndiye anayenitisha. Mzee huyu alizaliwa 1896. Kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikimaliza 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyekitaka kwa lugha ile. Akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka 1980 kwa Tanzania Publishing House, kikapigwa chapa China. Nakala zilipofika, mwandishi alikuwa ameshafariki, 1981. Miaka 35 ya kungoja, na hakukishika kitabu chake mkononi. Kila ninapofungua kaunta buku zangu namkumbuka mzee yule, nahesabu umri wangu, najumlisha 35.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Yapo mazuri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli 2021 tulijua wengi hatujamsoma kwa kuwa anaandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hiyo ni kazi ya heshima. Serikali nayo imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, washindi wa kwanza wakatangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu, na mswada unaoshinda unagharimiwa kuchapwa upelekwe shuleni. Wabeja sana. Hapo mtoto wa mkulima hatoi milioni tatu.

Ila tuzo inawachukua wachache. Sisi wengine tunabaki na hao wenye misimu. Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo: msimu wao umepangwa kwa kalenda ya nani?

Huku kwetu msimu unajulikana. Pamba inapandwa Novemba na Desemba. Machi na Aprili akiba imekwisha, mtu anahesabu debe. Ununuzi unafunguliwa Mei au Juni, na kuanzia hapo hadi Agosti hela ipo, arusi zipo, ngoma zipo, minada inajaa. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Kila muuza mitumba analijua hilo, kila muuza redio, hata muuza dawa ya meno mwenye kipaza sauti. Wote wanakuja Juni. Mchapishaji peke yake hajaambiwa!

Na akija, aje na bei ya kueleweka. Riwaya ya shilingi 15,000 kwa pamba ya elfu moja na ushei kwa kilo ni zaidi ya kilo kumi za pamba. Aliyeichuma anajua mgongo unavyouma. Siwaambii mgawe bure, sisi si ombaomba. Nasema hivi: karatasi la gazeti latosha, jalada jepesi latosha, hadithi ndefu ikatwe sehemu tatu mtu anunue moja moja. Wapeni wauza mitumba kwa mali kauli, auze ndipo alipe. Soda zinafika Nassa kwa mtindo huo huo. Na uzinduzi mmoja tu kwa mwaka, mmoja, ufanyike mbali na bahari, Juni au Julai, kwenye ghala la chama cha msingi, mwandishi asome kwa sauti. Mgeni rasmi awe mzee aliyejifunza kusoma 1970. Sambusa tutakaanga wenyewe.

Jambo la mwisho kwa wachapishaji: jibuni barua. Hata “hapana” ni jibu. Miezi minane ni mimba karibu kamili.

Na sisi vijana wenzangu wa gazeti hili tusijifanye malaika. Wangapi kati yetu tumenunua kitabu cha mwenzetu mwaka huu? Tunaandika mitaa ya Dar tusiyowahi kuikanyaga kwa sababu tunadhani riwaya ni lazima iwe na hoteli. Tunangoja tupigiwe simu kama wachezaji wa mpira. Tukingoja hivyo tutangoja na Kitereza.

Mwezi Julai uliopita mimi na wenzangu tuliomba ghala la chama Jumapili mchana, mizani ikiwa imelala. Tulikuwa kumi na mmoja tukianza, tulipomaliza sikuweza kuhesabu. Nilisoma sura ya kwanza kutoka kaunta buku. Usukuma ulikuwa humo wote na hakuna aliyelalamika. Nilipofunga daftari pakawa kimya, nikadhani nimewachosha. Babu, aliyekalia gunia mbele kabisa, akauliza: “Sasa huyo binti, Mwanza alifika?” Nikamwambia iko kwenye sura ya pili. Akasema, “Basi isome.” Giza likatukuta pale.

Hao ndio watu wasiosoma.

Juni pamba itaanza kupimwa tena. Ghala tumeshaliombea Jumapili zote za mwezi. Mchapishaji yeyote atakayeshuka hapa na boksi moja tu la riwaya, mimi mwenyewe nitalibeba kichwani kutoka barabarani hadi ghalani, na sitamdai hata senti.